Kijiko cha Mafuta ya Kondoo

Mama mkwe alikuwa amekifikisha kijiko mdomoni mwa Nailantei nilipowasha simu.

Mafuta ya kondoo yalikuwa yamejaa hadi ukingoni, yakitetemeka. Mwanangu akakohoa, tone moja likaangukia shanga zake za shingoni.

"Mtoto anakohoa, we unacheza na simu!" mama mkwe alisema.

"Ni daktari wa juzi, yeyo," nilimjibu, nikimwita mama kwa Kimaasai. "Siku hizi kule hospitali ya Karatu wanakurekodi mkiongea, wanakupa video ukasikilize nyumbani."

Siku mbili nilikuwa nazunguka na simu hiyo, nimeifunga kwenye pindo la khanga. Mke wa mtoto hampingi mkwe wake. Nikaona bora daktari amwambie mwenyewe.

"Mafuta yanaingia kwenye mapafu," sauti ikatoka. "Asipewe tena, hata kidogo. Nani anampa?"

Hapo ndipo nikakumbuka kilichofuata. Nikahangaika kuizima, vidole vikateleza.

"Mimi, daktari," nilikuwa nasema kwenye video, nimeinamisha kichwa. "Nampa mwenyewe."

"Mama gani wewe? Unataka kumuua mtoto?"

Simu ikanyamaza. Kijiko bado kilikuwa hewani.

"Ulisema ni wewe," mama mkwe alisema taratibu.

"Ningesemaje, yeyo?"

Nailantei akafumbua mdomo, akikisubiri kijiko. Mama mkwe hakumtazama. Kijiko kikalala upande, mafuta yakamtiririkia vidoleni hadi kwenye bangili, naye hakuyafuta.

"Rudisha nyuma," akasema. "Pale ulipoulizwa."