Puto Lililotoboka

Somo hili ndilo lingempa Tumsifu leseni ya ualimu, au limnyime. Nyuma ya darasa mkaguzi alikwishaketi na fomu yake ya alama.

Tumsifu akachanganya magadi na maji ya limau ndani ya chupa, akaivisha puto mdomoni. Povu likafoka, lakini puto likabaki limenywea. Wanafunzi wakaangua kicheko. Naye akacheka.

"Haya, hewa imetorokea wapi?"

"Tulipulize, Mwalimu, tulizamishe majini!"

Karai likaletwa, wote wakalizunguka.

"Hebu sogeeni, nami nione," akasema mkaguzi, mikono ya shati ameshaikunja. Akalikandamiza puto majini, na viputo vikapanda kimoja kimoja katikati ya vidole vyake. Kule nyuma fomu ilipeperuka, ikatua sakafuni. Hakuna aliyegeuka.