Herufi Saba

Bwana Mkolemba, mkuu wa ofisi ya maji, aliinamia kioo cheusi cha kompyuta, akatabasamu kama aliyeonyeshwa mjukuu. Jedwali la visima vya mji lilikuwa limenyooka, mistari yote sawasawa.

"Hii ndiyo kazi, binti! La jana lilipinda kama mkia wa nguruwe."

"La jana lilisema kweli, mzee," alijibu Mwajabu, mwandishi wa programu ya jedwali hilo. "Umetaka safu ya maoni iwe na herufi saba tu. Kisima cha sokoni, maabara waliandika 'Yanafaa kufulia tu'. Sasa imebaki 'Yanafaa'. Watu watayanywa!"

"Wewe nawe! Wageni wanakuja kesho, wanataka kuona unadhifu. Chapa, ubandike mlangoni."

Mwajabu aliinuka. Alikwenda maabara, akarudi na glasi ya maji ya kisima kile, akaitua juu ya meza.

"Karibu, mzee. Yanafaa."

Ndani ya glasi viluwiluwi vilipanda na kushuka. Bwana Mkolemba aliisogeza kando kwa vidole viwili, isije ikalowanisha karatasi za kuchapia. Kisha akavinusa vidole vyake.