Kiti cha Kuonjea

Siku hizi hakuna anayechagua chuo kwa kubahatisha. Kijana hukalishwa kwenye kiti cha kuonjea, akafumba macho, akaikumbuka kazi ambayo bado hajaifanya, yote tangu kuhitimu hadi kustaafu. Enzi za Ndeshimuni hayakuwepo hayo. Alikwenda chuo cha ualimu kwa kumfuata shoga yake tu, wakacheka miaka yote.

Binti yake Aikande alirudi kutoka kwenye kiti akitembea taratibu, mkono kiunoni kama mstaafu.

"Vipi mwanangu, udaktari umeuonja?"

"Mtamu, mama. Nimetibu watu hadi ng'ambo."

"Mungu ashukuriwe! Basi ndio huo."

Aikande alimkumbatia, akainusa kanga yake yenye harufu ya moshi, akawa hataki kumwachia.

"Nimechagua ualimu, hapa hapa nyumbani."

"Ualimu? Uache utamu wote huo?"

"Simu ya msiba ilinikuta ng'ambo, mama. Nilifika wameshakuzika."

Ndeshimuni alitaka kuuliza ni mwaka gani. Badala yake akampakulia mtori, supu yake nzito ya ndizi na nyama.

Aikande alionja, machozi yakamlenga. "Leo unifundishe kuupika. Wangu wa kule ng'ambo haukuwahi kuufikia huu."