Mlio wa Mteremkoni

Mlio ulianzia kwenye mteremko wa nyumbani na kuishia kwenye masanduku ya barua kando ya barabara. Ukishayapita, hata ungeendesha mpaka Oslo, gari la Sindre lilikuwa kimya.

Ndiyo maana fundi Oddvar hakuwahi kuusikia. Kwenye gereji yake mjini Fagernes alikuwa amebadilisha beringi za magurudumu, amekaza kila skrubu ya dashibodi, amechomeka kompyuta, na kompyuta ikajibu kwamba gari ni zima. Magari haya ya umeme yanatesa watu. La mafuta hufunika aibu zake kwa makelele; la umeme, hata punje ya mchanga ikisogea utaisikia, na usiku usilale.

Na kweli, usiku Sindre alikuwa halali. Macho yalikuwa yamemwingia ndani.

"Ukiukosa leo usinifiche," alimwambia Oddvar kwenye simu. "Daktari kasema kama mlio hauko kwenye gari, basi uko kichwani mwangu. Ataninyang'anya leseni, na lori la maziwa litapata dereva mwingine. Lakini leseni si kitu, bwana. Naogopa kichwa."

Basi asubuhi hiyo Oddvar akapanda mlimani mwenyewe, mara yake ya kwanza kufika pale. Kwenye baraza ya nyumba kilisimama kigari cha mtoto, paa lake limeinuliwa, wavu umefungwa, na waya mwembamba umetoka ndani yake kwenda kwenye soketi ya taa za Krismasi. Papo hapo Oddvar akaanza kunyata. Mtoto wa huku Valdres hulala nje mchana, baridi au si baridi, na anayemwamsha mtoto wa mwenzake hana adabu. Theluji ya jana ilikuwa imeganda kwenye mpini. Wazazi wa siku hizi, aliwaza, hata kupangusa ni kazi.

"Tutaondoka kimyakimya," alimnong'oneza Ragnhild, mke wa Sindre, aliyetoka mlangoni na kikombe cha kahawa.

"Piga kelele utakavyo," Ragnhild alisema akicheka. "Anayesikia vitu hapa ni mume wangu. Mimi nimelipanda gari hilo juzi tu kwenda dukani, kimya tupu. Mtafutie masikio mapya."

Sindre alishuka ngazi akiwa amejibana kwenye ukuta wa upande wa pili, mbali na kigari, bila kukitazama.

"Unamwona Ragnhild?" alisema walipofunga milango ya gari. "Hashtuki huyo. Hashtuliwi na lolote. Dhaifu wa nyumba hii ni mimi."

Waliteremka polepole katikati ya misonobari mpaka nyumba ikapotea nyuma yao, wakasimama. Sindre aliliacha gari likiwaka. Oddvar alizima feni, akavua kofia, akajikunja kwenye kiti cha nyuma na sikio lake sakafuni, miguu yake mirefu ikigusa kioo. Alichosikia kilikuwa tumbo lake mwenyewe, likidai mkate na jibini.

"Hamna kitu," alisema.

"Ngoja."

"Sindre, ndugu yangu..."

"Nakuomba. Ngoja."

Oddvar alingoja kwa huruma tu. Alishaanza kutunga maneno ya kumpeleka mwenzake kwa daktari bila kumvunja moyo. Ndipo ukaja. Ulikuwa mwembamba, kama pumzi inayovutwa ikakatika, ikavutwa tena.

"Nimeusikia!"

"Kweli? Usinidanganye, Oddvar."

"Nakwambia nimeusikia! Huo hapo tena!"

Sindre aliweka paji la uso kwenye usukani. "Sina wazimu," alisema. "Sina wazimu mimi."

Oddvar alikuwa ameshapenyeza mkono chini ya kiti cha mbele. Alipapasa zulia, akakuta waya uliochomekwa kwenye soketi ya gari, akauvuta. Ulitoka na kisikilizio cha mtoto, kile kidude wanachobaki nacho wazazi ili wamsikie mtoto akiamka. Taa yake ya kijani ilikuwa inawaka. Sauti ilikuwa imepunguzwa, imebaki kidogo sana.

Oddvar alicheka mpaka akakohoa. "Beringi zangu zote, bwana! Umekichomeka kipate chaji, ukakisahau. Ukivuka masanduku ya barua lazima kinyamaze, maana hapo kiko mbali mno na mwenzake, kile chenye waya kule ndani ya kigari. Mtoto ameamka anakulilia, nawe unakimbilia kwa daktari!"

Akazungusha kitufe, akaongeza sauti.

Sindre hakucheka. Alikuwa amekikazia macho kile kidude.

"Iver tulimzika wakati wa Pasaka," alisema.

Mkono wa Oddvar ulibaki kwenye kitufe. Hakujua azime au aache. Kwenye kisikilizio wavu wa kigari ulisikika ukifunguliwa, blanketi likasuguana na kitu, kisha ikaja sauti ya Ragnhild, karibu kabisa, kama amekaa nao garini.

"Baba ameshaondoka, mwanangu. Sasa mama anaweza kulia."