Malimbuko ya Ndege

Asukile aliingiza pua ndani ya debe, akavuta harufu mpaka machozi yakamtoka.

"Hii ndiyo petroli! Ile yenu ya dukani ni uji wa wagonjwa."

Watu waliokusanyika barabarani Mbeya alfajiri ile wakacheka. Dereva mwenzake, Marcelino, alikuwa juu ya lori lake kuukuu akifunga turubai.

Bwana Kalinga, tajiri wa Iringa, alikuwa amenunua basi jipya. Kati ya hao wawili, atakayetangulia kufika kwake siku ile ndiye angeliendesha. Kwa Asukile, basi lilikuwa mke. Tangazo la ndoa yake na Sekela lilishasomwa kanisani mara mbili, na baba wa binti alisema wazi: bila basi, la tatu halisomwi.

Petroli ile alikingiwa na mama Damari, mjane aliyefagia kibanda cha mafuta kwenye uwanja wa ndege. Kila asubuhi, kabla ndege haijaruka, rubani hufungua kikoki chini ya tangi, hukinga kidogo kwenye glasi na kuichungulia juani kama mganga. Kisha humpa mama Damari akamwage.

"Unamwaga?" Asukile alishika kichwa siku alipoambiwa. "Mama, hayo ni malimbuko! Mahindi ya kwanza si tunampelekea Mungu? Cha kwanza ndicho bora, hata Mzungu anajua. Nikingie hicho hicho, usichanganye na kingine."

"Ni kweli hutolewa kwanza, kila siku, hata Jumapili. Lakini mwanangu..."

"Mama, wewe jua ufagio. Injini niachie mimi."

Mama Damari akaokota ufagio wake. Miezi mitatu alimkingia, kidogo kidogo, wala hakuchanganya na kingine.

"Ndaga fijo, mama!" Asukile alikuwa akimshukuru kwa Kinyakyusa kila akija kuchukua, bila kumtazama usoni.

Sasa aliwasha gari lake dogo. Debe aliliweka akiba kwa ajili ya tambarare ya Chimala, mahali alipopanga kupaa.

"Marcelino! Ukifika Iringa utanikuta nimeshaoga, nimeshakula, na ndevu zimeniota tena!"

Akatimka. Kweli alifika Chimala mbali mbele ya lori. Wauza mchele wakaacha vibaba vyao kumtazama akimimina debe lote kwenye tangi, taratibu, kama mchungaji anayebatiza.

Gari likapiga chafya. Likaenda hatua chache, likapiga chafya tena, likasimama.

"Dereva, mbona ndege imetua mapema?" akauliza muuza mchele mmoja. Soko zima likaangua kicheko.

Asukile alisukuma, akafungua boneti, akapuliza hiki na kile, akasali. Hata sala ilikataa kuwaka. Jua lilikuwa kali lori la Marcelino lilipokuja likikohoa, mama Damari amekaa mbele, anakwenda kwa binti yake Nyololo.

Asukile akadandia mlango. "Mama! Umenidanganya! Si ulisema ndiyo hutolewa kwanza?"

"Sikukudanganya, mwanangu." Akakaza kilemba chake. Marcelino akaingiza gia, mama akamalizia:

"Ni maji na kutu iliyotuama chini ya tangi. Rubani huitoa kwanza ili ndege isianguke."