Diski ya Wake Wawili

"Mia mbili zako, mia mbili zake," alisema Rizuane huku akikaza skrubu ya mwisho ya kompyuta. "Mungu ni shahidi."

Wake zake waliinama kukitazama kioo. Atija, bi mkubwa, alipewa mfumo wa Windows. Nazira akapewa wa Linux. Tangu gesi ivumbuliwe na kodi za vyumba zipande hapa Palma, wote watatu waliishi nyumba moja, na Rizuane hakutaka kelele. Mume mwenye haki hugawa kila kitu sawa, hata diski.

"Si ulisema diski ni ya giga mia tano?" aliuliza Atija, ambaye amepima samaki sokoni tangu usichana wake.

"Mia moja yaliwa na mashine yenyewe, Mama Amisse."

"Mlafi huyo," alisema Atija.

Mia hiyo ilikuwa mfumo wa tatu, wa siri. Humo ndimo zilimokaa barua na picha za Telma, karani aliyehamishiwa wilayani kutoka Maputo. Rizuane alimpenda hata chakula kilikuwa hakimshuki. Telma naye alikuwa amekubali kuolewa, kwa kuwa aliamini wale wanawake wawili wa nyumbani ni dada zake Rizuane.

Mara ugomvi ukazuka. Kompyuta ikiwashwa, mfumo ulio juu kwenye orodha hufunguka wenyewe baada ya sekunde kumi. Nani akae juu?

"Nimeolewa mwanzo mie," alisema Atija.

"Na mie nini, takataka?" Nazira aliangua kilio.

Rizuane akasuluhisha kwa desturi: siku mbili Atija juu, siku mbili Nazira, kama zamu zake za kulala. Ikambidi aandike senha, neno lake la siri, na kuifungua orodha nzima ya mifumo mbele yao. Nazira alisimama nyuma ya bega lake, angali akifuta machozi, macho yakifuata vidole vyake. Wakaridhika. Rizuane akaenda kazini akipiga mluzi, akijiona Nabii Suleimani kwa hukumu.

Ijumaa aliporudi kutoka msikitini aliikuta kompyuta imewashwa. Uso wa Telma ulikuwa umejaa kioo kizima.

Jikoni watu walikuwa wakicheka. Kicheko cha Atija alikijua, na cha Nazira pia. Kulikuwa na cha tatu.

"Kaka Rizuane!" iliita sauti ya Telma. "Njoo ule. Dada zako watatu twakungoja."