Mwanafunzi Kutoka Rubya

“Mwalimu, imekufa tena,” aliandika Ta Kahigi kutoka Rubya. “Nimewasha, yakaja maandishi meupe, halafu kimya.”

Annastella aliusoma ujumbe huo akiwa peke yake katika kibanda chake cha kutengeneza kompyuta, Bukoba mjini. Mvua ilikuwa imewafukuza wateja. Alitabasamu, kisha akajifuta macho.

Mwanafunzi huyo alikuwa baba yake mzazi.

Annastella hakuogopa kutambuliwa. Katika kundi la WhatsApp alilofundishia alijiita Fundi Bukoba, hakuweka picha, wala hakuwahi kutuma sauti.

Alipoolewa na Awadhi, Muislamu, bila padri wala baraka za nyumbani, baba yake alisimama mlangoni akasema, “Usikanyage tena hapa.” Hakukanyaga. Hata siku ya kumzika mama yake alisimama barabarani, nje ya migomba, akasikiliza nyimbo mpaka zikaisha. Sasa Awadhi alifanya kazi Mwanza na kurudi kwa nadra. Jioni nyingi Annastella alikula akiitazama simu.

Kundi alilianzisha kwa ajili ya watu waliotaka kujifunza Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, tangu mwanzo. Aliwafundisha kwa mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza inayokaa ndani ya kompyuta halisi.

“Humo haribuni mnavyotaka,” aliwaambia. “Ikifa, mnaifuta na kuanza upya. Kompyuta yenyewe haiguswi.”

Hakuna aliyeharibu kama Ta Kahigi. Leo nywila imekataa, kesho diski imejaa. Akiombwa picha ya skrini, alijibu kwamba kamera ya simu yake ni mbovu. Mara nyingine alileta tatizo lilelile ambalo mwenzake, Nathanael, alikuwa amelieleza juzi yake, karibu neno kwa neno. Uzee, alijisemea Annastella. Alimjibu pembeni, polepole, kwa kuwa baada ya maelekezo mzee hakukosa kuongeza jambo.

“Asante, Mwalimu. Leo magoti yananisumbua.”

“Asante, Mwalimu. Upepo umelaza migomba ya nyuma ya nyumba. Aliipanda marehemu mke wangu.”

Siku moja aliuliza, “Mwalimu, wewe una wazazi?”

Annastella aliandika, akafuta, akaandika tena, akafuta. Mwishowe akatuma: “Tuendelee na somo, mzee.”

Somo la mwisho lilikuwa kuiweka Linux kwenye kompyuta halisi. Aliwaonya wote kwamba hapo hakuna kurudi nyuma. Kesho yake asubuhi ujumbe ukaingia.

“Mwalimu, nimeiweka. Skrini nyeusi. Picha zote za mke wangu zilikuwa humo. Hakuna fundi anayeweza kufika huku?”

Annastella alikaa na simu mkononi. Yeye mwenyewe hakuwa na picha hata moja ya mama yake. Akienda, huenda akafukuzwa kabla hajafungua begi. Asipoenda, mzee ataibonyezabonyeza mashine ile mpaka kisibaki cha kuokoa.

“Usiiguse,” aliandika. “Nakuja.”

Alifunga kibanda, akabeba diski zake, akapanda gari la Muleba na kumalizia safari kwa pikipiki.

Mlango ulikuwa wazi. Ta Kahigi alikaa kizingitini, amekonda kuliko alivyomkumbuka. Annastella alipiga magoti mbali kidogo, akamsalimu kwa Kihaya. Mzee aliitikia.

“Tata, Fundi Bukoba ni mimi,” alisema. “Niruhusu niokoe picha tu. Nikimaliza nitaondoka.”

Mzee aliinuka kwa taabu, akampisha.

Ndani, picha ya mama yake ilining’inia mahali pake pa siku zote. Hakuona soketi ukutani, wala waya wa umeme darini. Juu ya meza palikuwa na ndizi za moto zilizofunikwa kwa jani, na sahani mbili.

Alitazama kila pembe ya chumba, begi likiwa bado begani.

“Tata, kompyuta iko wapi?”

“Kompyuta gani, mwanangu?” alisema Ta Kahigi, akamvutia kiti.